Nilivyomuuguza bundi aliyevunjika bawa, Uyole

Ndege wa porini akiumia, mara nyingi kinachomuua si lile jeraha. Ni baridi, ni hofu, na ni huruma ya watu wanaomshikashika kila dakika na kumlazimisha kunywa maziwa. Nilijifunza hilo msimu wa mavuno uliopita, baada ya mlinzi wa shule yetu kuokota bundi kando ya barabara kuu ya TANZAM iendayo Zambia, hapa Uyole, Mbeya, ambapo malori ya Tunduma yanapita usiku kucha. Naeleza tulivyofanya mpaka akaruka tena, kwa sababu najua wengi mmewahi kuokota kiumbe wa namna hii mkakosa pa kumpeleka.

Alikuwa yule bundi mweupe wa kwenye mapaa ya makanisa na maghala, mwenye uso ulioumbwa kama kopa ya karata. Bundi hawa hugongwa sana na magari. Panya wanapenda majani ya kando ya barabara, naye bundi huwafuata akiruka chini chini, macho na masikio yote yakiwa ardhini. Mlinzi alimkuta ameketi kwenye mtaro, bawa la kushoto limening'inia. Akamfunika kwa koti lake zito, akamtia kwenye boksi la mafuta ya kupikia, akaja kunigongea kabla hakujapambazuka.

"Mwalimu, nimemfunika tu. Machoni sijamtazama."

Sikumcheka. Huku kwetu bundi akilia juu ya bati, nyumba nzima hailali, watu wakingoja habari ya msiba. Mtu aliyelelewa na imani hiyo, akavua koti lake katika baridi ya mwezi wa saba ili amfunike bundi, anastahili heshima yangu yote.

Boksi tukalitoboa matundu, tukaweka ndani chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kanga, tukalifunga na kuliweka chumba chenye giza. Hatukumpa chakula wala maji. Ndege aliyepigwa na kupoa mwili hawezi kusaga chakula, na maji ukimmiminia mdomoni huingia kwenye njia ya hewa, iliyo wazi juu ya ulimi. Jambo jingine la kuzingatia ni miguu. Watu huogopa mdomo wa bundi, kumbe silaha yake ni kucha. Ukitaka kumhamisha, mfunike kichwa kwa taulo nene, kisha uidhibiti miguu kabla ya kitu kingine chochote.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kliniki, ileile tunakompeleka mbwa wetu kila mwaka kwa chanjo ya kichaa. Ni kliniki ya kawaida ya mifugo. Mbele kuna duka lenye dawa za kuogeshea, chanjo ya kideri na mawe ya madini ya ng'ombe, nyuma kuna chumba kimoja chenye meza ya chuma na taa ya kuning'inia. Daktari wetu ni mama wa makamo, na sehemu kubwa ya kazi yake ni ng'ombe wa maziwa: ndigana, kiwele kuvimba, ndama kukwama. Mbwa na paka huja katikati, na mara mojamoja huja kitu kama hiki chetu. Kwenye benchi alikuwepo baba mmoja na mbuzi aliyejaa gesi tumbo. Mbuzi akahudumiwa kwanza, na ilikuwa haki, maana yule angekufa ndani ya saa hiyo.

Swali la kwanza la daktari sikulitarajia. "Paka amemgusa?"

Nikamwambia hapana.

"Una hakika? Jino la paka linaacha tundu dogo usiloliona kwenye manyoya, lakini vijidudu vya mdomoni mwake vinamuua ndege kwa siku mbili tatu. Kama amemgusa naanza na dawa ya vijidudu, bawa baadaye."

Swali la pili lilikuwa la sumu. Ghala la shule mnaweka sumu gani ya panya? Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda. Panya aliyeila haanguki palepale. Huishi siku kadhaa akizidi kulegea, akitembea mchana hovyo, na huyo ndiye rahisi kwa bundi kumkamata. Bundi akila panya wa namna hiyo wengi, na yeye huanza kuvuja damu ndani kwa ndani, na akigongwa barabarani hatuwezi kujua kama aligongwa kwa sababu alikuwa tayari mgonjwa. Daktari akamfungua mdomo kwa kidole, akaangalia rangi ya ndani kwa tochi, akapapasa kidari. Mdomo ulikuwa na rangi nzuri, hakuna michirizi ya damu, na mfupa wa kidari ulikuwa na nyama pande zote mbili. Ndege mwenye afya, akasema, ameumizwa na gari tu.

Kisha akaja kwenye bawa. Hakuwa na mashine ya eksirei, alitumia vidole. Sehemu ya kati ya bawa ina mifupa miwili inayolala sambamba, mmoja mnene na mmoja mwembamba, sawa na ilivyo kwenye mkono wa mtu kati ya kiwiko na kifundo. Alipitisha ncha za vidole polepole, macho kayaelekeza ukutani, mpaka akasimama mahali fulani. Akanishika mkono, akaniwekea kidole changu hapo. Nilihisi kitu kikigusana chini ya ngozi, mchakacho mdogo mno.

"Huu mnene umevunjika. Huu mwembamba mzima. Mwenye uzima anamshikilia mwenzake, kwa hiyo hatuhitaji chuma wala upasuaji. Ungekuwa mfupa wa juu karibu na bega, ningekuambia habari nyingine."

Alimpa dawa ya maumivu, akalikunja bawa lilivyo kawaida, akalifunga kwa bandeji inayojinata yenyewe kwa mtindo wa namba 8, halafu akazungusha mzunguko mmoja mwilini, si wa kubana, maana ndege anapumua kwa kutanua kidari na ukimfunga sana unamnyonga. Plasta ya kawaida haitumiki hapa. Hung'oa manyoya, na bundi asiye na manyoya ya kurukia hana maisha.

Kabla hajamaliza kufunga alikuwa ameshaagiza msaidizi wake ampigie simu afisa wanyamapori. Hapa nasisitiza, kwa sababu watu wengi hawalijui hili. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni njema. Kutoa taarifa mapema kunakulinda wewe, na kunamlinda mnyama asiishie kwenye banda la mtu kama pambo. Afisa alifika, kijana mstaarabu, akamtazama ndege, akasikiliza daktari. Kliniki haikuwa na chumba kisicho na mbwa wanaobweka, kwa hiyo wakakubaliana bundi akae kwenye stoo tupu ya shule chini ya uangalizi wa daktari, na mimi nikapewa barua.

Tukiwa tunamngoja afisa, daktari alizungumza jambo ambalo limenikaa kuliko yote. Kwake, mbwa wangu na bundi yule ni kazi moja. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ile inayoanza na tongotongo na kikohozi na kuishia na degedege, iliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao, na mbwa wa vijijini ndio walionyoshewa kidole. Mbwa mwitu wa Ruaha, hapo Iringa, wanaweza kuumwa homa hiyohiyo, na kichaa pia. Yeye ni mtu wa Rungwe, anamjua kipunji, yule kima aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 2003 na kutangazwa rasmi mwaka 2005, anayeishi misitu ya Rungwe na Kitulo, na hofu ya daktari ni mbwa wanaoingia msituni na wawindaji. Ndiyo maana anakuwa mkali kwa mtu anayechelewesha chanjo. Tangu siku hiyo nikimwona mbwa asiyechanjwa simfikirii mwenye mbwa peke yake.

Stoo tuliitundikia gunia dirishani, tukafunga kipande cha gogo cha kutua, tukatandika magazeti chini. Jiko la mkaa halikuruhusiwa hata kwa dakika, ingawa usiku ulikuwa wa barafu. Moshi na hewa ya mkaa humdhuru ndege upesi kuliko mtu. Tuliendelea na chupa za maji ya moto mpaka alipoanza kula vizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Wanafunzi walitaka kumpa jina, nikakataa, na walinuna. Bundi aliyezoea sauti za watu akiachiwa atatua kwenye paa la mtu asiyejua habari yake, na jiwe litamkuta hapo.

Chakula ndicho kilichokuwa kazi. Nyama tupu ya ng'ombe haimtoshi, kwa kuwa anahitaji mifupa, manyoya na matumbo ya windo lake. Alihitaji panya watatu au wanne kila usiku, wa mtego, si wa sumu. Vijana wa bweni wakatega ghalani, na usiku uliokosa panya daktari alitupatia vifaranga wa siku moja waliokufa kutoka kwa mtotoleshaji vifaranga. Asubuhi tulikuta chini ya gogo kitonge cheusi kinachong'aa, amekitapika. Nilikichambua kwenye maji mbele ya kidato cha pili: mafuvu ya panya mazima, meno yote mahali pake.

Vitonge vile vilinisaidia kwa majirani kuliko maneno yangu. Bibi wa nyumba ya pili alikuja mapema kabisa. "Mwanangu, unafuga nini humo? Sisi tuna wajukuu." Sikubishana naye. Nilimwonyesha barua ya afisa, nikamwita balozi wa nyumba kumi naye aione, kisha nikawaonyesha mafuvu. Bibi ana kihenge cha mahindi na anajua panya walivyomla mwaka jana. Alihesabu mafuvu kwa kidole, akaguna. Hofu haikumtoka, na mpaka leo hapiti karibu na stoo ile, lakini hakudai tena ndege aondolewe, na wajukuu zake walituletea panya.

Mifupa ya ndege huunga haraka, wiki tatu hivi. Daktari hakungoja hadi mwisho. Katikati alimlaza kidogo kwa dawa akalifungua bawa na kulinyoosha taratibu, maana kiungo kikikaa kimefungwa muda mrefu hukakamaa, na mfupa uliopona kwenye kiungo kilichokakamaa haurushi ndege. Bandeji ilipotoka kabisa tulimhamishia ghala kubwa, mahindi yakiwa bado yamebanwa upande mmoja. Mwanzo alianguka katikati ya safari, akiegemea kushoto. Kila jioni alizidi kidogo. Daktari alikuja kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza: manyoya ya bundi yana ncha laini zinazoua sauti, na bawa lililopona vibaya hupiga kelele. Alisimama gizani ghalani, ndege akapita juu yake, na hakusikia kitu. Akasema tayari.

Tulimwachia jua lilipokwisha zama, upande wa mashamba, mbali na barabara, afisa akiwepo na karatasi yake. Alikaa juu ya nguzo ya uzio, akatazama huku na huku, akaenda.

Mkuu wa shule amepiga marufuku sumu ghalani; sasa ni mitego, na magunia yamepandishwa juu ya chaga. Boksi la mbao alilolichonga fundi wetu kwa ajili ya bundi liko kliniki. Juzi nilipompeleka mbwa nilikuta ndani yake mwewe aliyepigwa jiwe kwa kuiba vifaranga, na daktari akaniuliza kabla hata ya salamu kama vijana wangu bado wanatega panya. Jioni ile niliwatuma wawili, na mfuko mzima.