Siku moja na maua 36 ya nargisi mjini Tokyo

Saa kumi alfajiri, mwezi wa pili, baridi inauma mpaka kwenye kucha. Natokea Naivasha, nilikofungasha mawaridi miaka minne. Leo nikiliona boksi la mawaridi ya Kenya katika soko la maua la Ota, moyo hunidunda. Sasa napeleka maua kwenye madarasa ya ikebana, sanaa ya Kijapani ya kupanga maua.

Saa moja mnada unaanza, saa tatu gari limejaa.

Wengi hudhani ua ni ua tu. Darasa la shule ya Sogetsu, iliyoanzishwa mwaka 1927, hupokea hata tawi kavu, na hata waya huweza kutumika. La Ohara hupanga maua kwenye bakuli pana la maji, nao wanataka matawi yanayotandaa. Ikenobo, shule kongwe ya hekalu la Rokkakudo kule Kyoto, ndiyo inayonitoa jasho.

Sogetsu na Ohara nimemaliza kabla ya saa tano.

Mwalimu wa Ikenobo ana wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja nargisi tatu. Amepiga magoti, anafungua magazeti niliyofungia, anapitisha kidole chini ya kila shina, pale majani yanaposhikwa na ala nyeupe. Mwanafunzi huchomoa majani kwenye ala hiyo, akayalainisha kwa vidole, akayapanga upya, marefu kwa mafupi, kisha akayarudisha ndani ya ala ileile. Ala ikichanika, kwa mwalimu ua hilo halina kazi.

Kumi na moja zimechanika. Ndoo zilibanana garini, na aliyezipanga ni mimi.

"Darasa ni saa nane," akasema, basi.

Sokoni watu wameshafunga. Duka la kwanza hakuna. La pili zipo, maua yamefunguka yote, hazifai. Foleni, simu, foleni tena, sijala. La nne muuzaji mzee ananiruhusu nichague, nami napitisha kidole kama mwalimu, ala moja moja, hadi zinatimia kumi na moja. Nazishika mapajani njia nzima, nikiendesha kama niliyepakata mtoto. Nafika wanafunzi wanavua viatu.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Ndoo, ndoo, kufagia majani.

Usiku mwalimu anapiga simu. Anataka za Ijumaa, na anaomba nizichague mimi.