CVT sio gonjwa jamani, shida ni oili

Kila kijiwe cha magari utaskia hiyo hiyo, "CVT inapiga kelele tu haiendi". CVT ni giaboksi ya automatiki isiyo na gia za hatua, ina puli mbili na mkanda. Kelele ipo, sikatai. Panda mlima Kitonga na kigari kimejaa watu na magunia ya vitunguu, kanyaga mafuta, mshale wa RPM (mzunguko wa injini kwa dakika) unapanda unaganda kwenye elfu 4 huko, spidi ndo inakuja taratibu, na aliyezoea automatiki ya gia 4 anajua tu klachi inateleza. Wala haitelezi. Kompyuta ya giaboksi imeamua injini ikae pale penye nguvu, alafu inazibana na kuziachia zile puli mbili ili mkanda wa chuma upande huku ushuke kule.

Zamani kazi hiyo ilifanyika bila kompyuta kabisa, DAF za Uholanzi za 1958 zilikuwa na mikanda ya mpira, uwiano wa puli unabadilishwa na vyuma vinavyosukumwa nje na mzunguko pamoja na mvuto wa hewa ya injini. Subaru Justy ndo ikaja miaka ya 80 na klachi ya sumaku inayoongozwa na umeme.

Sasa hapa ndo watu wengi hawaelewi. Kompyuta inasoma mzunguko wa puli, mguu wako kwenye mafuta, joto la oili, nguvu inayotoka injini, kisha inapiga hesabu ya presha ya kubana mkanda na kuziamuru solenoidi, yaani valvu za umeme zinazopitisha oili. Presha ikipungua mkanda unateleza na kukwangua puli, ikizidi unachoma mafuta bure maana pampu inazungushwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo inabana kiasi cha kutosha na ka ziada kidogo basi.

Na hesabu yote imepigwa kwa oili ya CVT! Hakuna sensa ya kuiambia kompyuta fundi kamwaga nini. Akikuwekea ATF ya kawaida, ile oili ya automatiki za gia, kisa bei, yenyewe inaendelea kubana vile vile ikiamini msuguano upo, mkanda unateleza kidogo kidogo, unga wa chuma unaingia kwenye oili na kukwamisha valvu, baadae unaanza kuskia mvumo, gari inashtuka ukiweka D, alafu lawama zote kwa Mjapani.

Ukipeleka gari sevisi simama hapo hapo, soma kopo lenyewe kabla halijafunguliwa. Fundi akinuna, anune.