Ubao wa Mabawa, Dayton

Ubao ulikuwa na mabawa tisa, yaani beji za wanajeshi wa anga, safu tatu juu ya mahameli nyeusi, na mwenyewe alitaka kuuza yote kwa mkupuo. Ilikuwa kwenye soko la vitu vya kijeshi mjini Dayton, Ohio, mji wenye makumbusho ya taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, kwa hiyo beji za marubani hazikosekani. Mjomba, sonara wa Mombasa aliyehamia huko uzeeni, aliomba ruhusa, akaanza kuzichomoa moja moja. Kila moja aliipindua kabla hajaitazama usoni.

Ndivyo inavyotakiwa. Uso wa bawa la rubani wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili ni ngao katikati na manyoya pande mbili. Mwigaji yeyote mwenye subira ataupata. Mgongo ndio mgumu kuudanganya. Pale ndipo penye neno STERLING, yaani fedha ya sehemu 925 kwa 1000, na mara nyingi alama ya mtengenezaji: Meyer au Luxenberg wa New York, Amcraft wa Attleboro, Massachusetts. Wakati wa vita shaba ilibanwa kwa ajili ya risasi na makombora, ndiyo maana mabawa mengi ya miaka ile ni ya fedha. Pale pale mgongoni pana pini yenye bawaba na kishikizo, au vijimisumari viwili vinavyobanwa na vibano vya shaba. Vibano vilienea vita vikielekea ukingoni. Bawa la Vita Kuu ya Kwanza lenye vibano, lirudishe mezani bila maneno mengi.

Matatu kati ya yale tisa yalikuwa ya rubani, inchi 3, yale ya kuvaa kwenye koti. Yote yaliandikwa STERLING. Mjomba alitoa mizani yake ya kusoma hadi gramu 0.01, akaweka juu yake glasi ya maji, akairudisha mizani kwenye sifuri. Beji ya kwanza ilikuwa na gramu 18.20 kavu. Akaifunga kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, akaizamisha ikining'inia bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Mizani ikasoma 1.76. Hizo ndizo gramu za maji yaliyosukumwa. 18.20 ukigawanya kwa 1.76 unapata 10.34, yaani beji ni nzito mara 10.34 kuliko maji ya ujazo uleule, na fedha ya sterling ni karibu 10.36. Ya pili: 15.90 kavu, 1.86 majini, jibu 8.55. Hiyo ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha, hata kama imeandikwa nini.

Kipimo hiki huharibika kwa mambo madogo. Viputo vya hewa hujificha kwenye mashimo ya manyoya na kushusha jibu. Tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji huviondoa. Uzi wa pamba hunyonya maji, ndiyo sababu ya mshipi. Vibano lazima vitolewe. Pini ya chuma haitoki, nayo itapunguza kidogo, kwa hiyo jibu la 10.1 kwenye beji ya pini halinitii wasiwasi. La 9 linanitia.

Beji ya tatu ilitoa 10.31. Muuzaji akatabasamu. Mjomba akanisogezea lenzi ya mara 10 na kusema, “Mwanangu, maji yamekwambia ni fedha. Hayakukwambia ni ya lini.”

Bawa halisi liligongwa kwa mhuri wa chuma, kisha likakatwa pembeni kwa kikatio. Ukingo wake huonyesha michirizi myembamba iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Ile ya tatu haikuwa na mchirizi hata mmoja. Ukingo ulikuwa wa mviringo, wenye mikwaruzo ya tupa iliyokwenda huku na huku, na kati ya manyoya mlikuwa na vitundu kama ncha ya sindano. Herufi za STERLING zilikuwa zimevimba, hasa tumbo la R. Ilisubiwa, yaani fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, na kalibu hiyo ilichukuliwa kutoka beji ya kweli. Madini yanapopoa husinyaa, hivyo nakala hutoka fupi kuliko mama yake, pengine kwa milimita moja au zaidi. Lakini usiipime kwa inchi 3 za kwenye rula, maana watengenezaji walitofautiana. Ilinganishe na beji ya mtengenezaji yuleyule.

Zipo pia zinazopita vipimo hivi vyote, kwa sababu mihuri ya zamani iliendelea kugonga beji baada ya vita. Hizo mimi sizihesabu kuwa bandia, ila silipi bei ya 1943.

Kona ya ubao ilikuwa na bawa la kitambaa la RAF, Jeshi la Anga la Uingereza. Marubani wao walivaa bawa la kushonwa, na yale madogo ya madini mara nyingi yalikuwa bruchi, mapambo ya kubandika nguoni, za wake na wachumba. Tuliwasha tochi ya urujuanimno (UV): uzi mweupe ukabaki mfifu, haukung'aa buluu kama nyuzi na sabuni za baada ya vita. Taji lililoshonwa juu ya bawa lilikuwa la matao ya mviringo, la wafalme, lililotumika hadi baada ya 1952. Tahadhari hapa, kwani Mfalme Charles III amelirudisha taji la umbo hilo, hivyo taji peke yake halithibitishi umri.

Muuzaji alikubali mwishowe kuvunja ubao. Tulichukua lile la kitambaa na beji ya kwanza, aliyoipunguza bei kwa sababu kishikizo cha pini kiliwahi kung'oka na kurudishwa kwa tone zito la risasi ya kulehemu, la kijivu. Mikono ya Mjomba iliwasha. Alitaka kuling'oa na kulehemu upya kwa fedha, kazi safi. Nilimkatalia. Moto wa kuyeyusha lehemu ya fedha ungeufuta ule weusi wa miaka uliotulia kati ya manyoya, na mkusanyaji hulipia weusi huo kuliko kiungo kizuri. Alinung'unika hadi kwenye gari.