Siku moja maishani mwangu: Maneno 900 kuhusu MV Bukoba

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, nyumbani Kimara, kabla muadhini wa msikiti wa jirani hajakohoa kwenye kipaza sauti. Nimestaafu ajira ila sijastaafu kazi, kwani lipo gazeti ambalo huniagiza makala mara mbili tatu kwa mwezi, na agizo la safari hii ni maneno 900 ya kumbukumbu ya MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, yamfikie mhariri kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mhariri huyo alikuwa hajaanza hata shule meli ilipozama, Mei 21, 1996. Aliponipigia simu alisema kwa adabu zote, "Mzee, wewe andika tu ulichokiona."

Saa moja nilikaa mezani. Mambo ya msingi nayajua kwa kichwa: meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa imekwishakaribia Mwanza, uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha yoyote. Ndiyo maana, ingawa waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, hakuna aliyeweza kuipata hesabu yao kwa kusoma majina. Nilipofika kwenye kile nilichokiona, vidole vilikimbia vyenyewe. Nilieleza jinsi tumbo la meli lilivyokuwa limeelea juu ya maji, jinsi watu walivyokuwa wakigonga chuma kutoka ndani, na jinsi lilipotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Aya hiyo nimekwisha kuisimulia harusini, misibani na mbele ya wanafunzi wa uandishi, kwa hiyo iliniandikika kwa dakika kumi bila kufuta neno.

Saa nne na nusu nilipanda mwendokasi, nikasimama hadi kituo cha Fire ndipo kijana mmoja akanipisha. Nilishuka Posta ya Zamani, nikapita kwenye meza ya magazeti, ambako watu kama saba walikuwa wamesimama wakisoma vichwa vya habari vya bure, nami nikanunua nakala mbili, zaidi kwa kumwonea muuzaji huruma.

Saa sita kasoro tulikuwa wanne katika mgahawa ulio nyuma ya Mtaa wa Samora: mimi, mpiga picha, dada aliyekuwa akipokea habari zetu za mikoani kwa simu, na msoma prufu, ambaye ametuzidi sote umri.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hilo gazeti ulilolishika lina kosa ukurasa wa kwanza," alijibu, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni.

Hukutana hivi kila baada ya miezi miwili. Nusu saa ya kwanza huliwa na magonjwa, na robo saa inayofuata huliwa na michango yetu ya pensheni, ambayo mwajiri wetu wa zamani alikuwa akiikata kwenye mishahara bila kuipeleka kunakohusika. Hiyo tumeizungumza hadi imechuja ladha. Safari hii niliwakatiza, nikaomba kila mmoja anikumbushe siku zile za Mwanza.

Mpiga picha alianza na roli zake za filamu. Alizifunga ndani ya bahasha ya kaki, akazikabidhi kwa abiria asiyemjua katika uwanja wa ndege wa Mwanza, kisha akapiga simu Dar es Salaam kueleza kwamba atakayeshuka nazo ni mwanamume mrefu mwenye shati la bluu lililokosa kifungo cha juu. Dereva wa ofisi alimtambua kwa kifungo. Msoma prufu naye akaingiza jambo lake la siku zote, kwamba Rais aliyetangaza siku tatu za maombolezo, Benjamin Mkapa, alikuwa mwenzetu, kwa maana aliwahi kuhariri Daily News.

Nikawasomea aya yangu kutoka kwenye simu. Walinyamaza, nikadhani imewagusa.

"Picha ya hilo tumbo la meli iko wapi?" mpiga picha akauliza taratibu. "Tulikwenda pamoja, ndugu yangu. Ningeliona, ningeacha kulipiga?"

Nilianza kubisha, lakini dada alikuwa amekwisha kuinua mkono. Alisema anakumbuka jinsi nilivyokuwa nikipaza sauti kwenye laini mbovu nikimsisitizia asisahau kuandika "alisema", kwa kuwa maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya kijana aliyenusurika, aliyesimulia akiwa amejifunika blanketi. Sisi tulifika kesho yake jioni, meli ikiwa chini ya ziwa, na tulichokikuta ufukweni kilikuwa miili na watu waliokuwa wakiitafuta ya ndugu zao.

Lile blanketi ndilo lililonimaliza, kwa sababu alipolitaja tu nililiona: la kijivu, lenye mstari mwekundu pembeni, na kijana amelikunja ncha akiitafuna. Uso wake ulikuwa umenitoka kichwani, na nafasi yake nilikuwa nimejiweka mimi.

Msoma prufu hakutamka lolote. Aliniazima kalamu.

Saa kumi na robo nilikuwa nimerudi Kimara. Aya niliyoiandika kwa dakika kumi ilinichukua saa nzima kuirekebisha: nilifuta "niliona" mara tatu, nikamrudisha kijana na blanketi lake, nikaongeza "alisema" kila palipostahili. Niliituma makala saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Simu ililia saa moja usiku.

"Mzee, nimeisoma, imekaa vizuri. Ila nilidhani wewe mwenyewe uliiona meli ikielea?"

"Hapana, mwanangu," nilimjibu. "Nilifika kesho yake, jioni."