Siku moja maishani mwangu: kuufuata unga wa salfa, Mtwara

Saa 10:30 alfajiri

Ni Julai, mikorosho inachanua, na ratiba yetu inaamuliwa na umande. Tunachofanyia utafiti ni unga: salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Kiwango kinachojulikana huku ni gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano. Wakulima wanakijua kiwango hicho vizuri. Sisi tunataka kujua, katika gramu hizo 250 alizolipia mkulima, ni ngapi zinalifikia ua zikiwa bado unga.

Kabla ya kuondoka tunakagua mashine ya mgongoni. Tangi liwe kavu kabisa, maana matone machache ya maji yanatosha kutengeneza madonge yatakayoziba tundu la kutolea unga. Mpira wa kifuniko usiwe na ufa. Waya wa kuondoa chaji uwe umeshika kwenye mrija, kwa sababu unga mkavu ukipita kwa kasi ndani ya plastiki huzaa umeme tuli. Tunapima kilo 5, miti 20, tunafunga.

Saa 11:30, shambani, njia ya Nanyamba

Majani yamelowa na hewa imetulia. Hivyo viwili ndivyo vinavyotuamsha mapema. Umande unaushika unga, na hewa tulivu inaupa muda wa kutua.

Hesabu ya kutua ni vyema kila mpulizaji aijue. Kwa kanuni ya Stokes, inayokadiria kasi ya chembe ndogo kushuka hewani, chembe ya salfa yenye kipenyo cha maikroni 45 (maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka sentimita 12 hivi kwa sekunde. Ya maikroni 20 hushuka sentimita 2.5. Ya maikroni 5 haifikishi hata milimita 2. Kutoka kwenye kilele cha mti wa mita 6, chembe ya maikroni 20 inahitaji dakika 4 kufika chini. Upepo wa mita 1 tu kwa sekunde, ambao mtu anauhisi kwa shida usoni, katika dakika hizo nne unaisogeza mita 240. Hapo salfa ya mkulima imeishia shamba la jirani. Ndiyo maana tunafunga utepe wa kitambaa tawini, na ukianza kulala upande mmoja tunazima injini hata kama miti imebaki mitatu.

Vioo vya darubini vilivyopakwa mafuta mepesi ya mgando tunavitundika kwenye urefu wa mita 2, 4 na 6. Mpulizaji anasimama upepo ukiwa mgongoni, anaelekeza mrija juu na ndani ya mti, anauzunguka. Baada ya miti 10 tunapima tena tangi. Inapaswa kuwa imepungua kilo 2.5. Ikipungua kilo 4, mlango wa unga umefunguliwa mno. Ikipungua kilo 1 tu, mara nyingi mlango hauna kosa: unga umejenga daraja ndani ya tangi. Chembe hushikana juu ya tundu kama tao, chini pakawa patupu, na mashine inapuliza hewa tu huku mpulizaji akiamini anafanya kazi. Zima, gonga tangi pembeni kwa kiganja, kisha uchunguze unga wenyewe. Usichokoe kwa chuma.

Saa 2:30 asubuhi

Jua limekausha majani na kusi imeanza. Tunaacha. Wenye mashamba huuliza mbona mapema hivyo. Jibu ni huo utepe.

Saa 3:30, maabara

Kuchukua sampuli ni hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ukiikosea vipimo vyote vinavyofuata ni vya bure. Gunia lililosafiri kwenye lori hutikiswa njia nzima: chembe nyembamba hupenya kwenda chini, kubwa hupanda juu. Anayechota kwa kikombe juu ya gunia anapima sehemu isiyofanana na gunia. Tunatumia bambo, bomba lenye ncha la kuchomea gunia, juu, katikati na chini, kisha tunachanganya, tunalimbikiza kichuguu, tunakigawa robo nne, tunabakisha robo mbili zinazotazamana, tunarudia mpaka zibaki gramu 100 hivi.

Saa 5

Kukausha. Aliyezoea kupima unyevu wa unga wa muhogo kwenye nyuzi 105 aache mazoea hayo mlangoni. Salfa huyeyuka karibu nyuzi 115, na hata kabla ya hapo huanza kutoa mvuke, hivyo utahesabu salfa iliyopotea kana kwamba ni maji. Tunatumia nyuzi 60 na tunasubiri zaidi.

Kisha chekeche tatu: maikroni 150, 75 na 45. Kuchekecha kukavu kunasumbua. Umeme tuli unashikamanisha chembe, zinajiviringisha kuwa vidonge, na matokeo yanaonyesha unga mnene kuliko ulivyo. Kwa hiyo gramu 50 tunazipitisha kwa maji. Maji matupu hayafai kwa kuwa salfa haikubali kulowa, inaelea tu. Matone machache ya sabuni ya maji yanamaliza tatizo. Kilichobaki kwenye kila chekeche tunakikausha na kukipima. Kilichobaki kwenye chekeche na kilichopita kwenda beseni vikijumlishwa vikapungua zaidi ya asilimia 2, tunaanza upya.

Ukubwa wa chembe una uzito huu kwa sababu ya eneo. Gramu 250 za chembe za maikroni 25 zina eneo la jumla la mita za mraba 29 hivi. Zikiwa za maikroni 75, eneo linashuka chini ya 10. Zikiganda kuwa punje za milimita 1, halifiki hata mita moja. Kuvu huzuiwa pale salfa inapoligusa ua na pale mvuke wake unapotoka, na vyote viwili vinategemea eneo hilo. Mkulima mwenye unga ulioganda amelipa bei ileile.

Saa 6:30 mchana

Chakula. Mikono na uso kwa sabuni kwanza, maji peke yake hayaitoi salfa.

Saa 7:30

Mtiririko. Unga unamiminwa kupitia faneli mpaka ujenge kichuguu, tunapima kimo na nusu ya upana wa kitako. Kimo cha sentimita 6 na nusu-kipenyo cha 7 ni mwinuko wa nyuzi 41 hivi. Chini ya 30 unga unatiririka wenyewe. Ukipita 45 tarajia daraja kwenye tangi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha silinda. Jaza mililita 100 bila kushindilia, gonga mezani mpaka usishuke tena, soma. Gunia la leo limeshuka hadi 72. Gawa 100 kwa 72 upate 1.39, uwiano wa Hausner, kipimo cha jinsi unga unavyoshindilika. Ukizidi 1.34 unga ni mzito kutiririka. Viwandani huongezwa kiasi kidogo cha kaolini au ulanga ili chembe ziteleze, lakini magunia yakipangwa kumi kwa kimo chini ya bati la moto, uzito na joto hushindilia lile la chini mpaka dawa hiyo ishindwe.

Saa 9 alasiri

Darubini, na vioo vya alfajiri. Salfa ya kusagwa ina kingo kali, vipande vya manjano kama kioo kilichovunjika. Iliyopatikana kwa kupoza mvuke ni ya duara, shanga zilizoshikana. Kwenye kioo cha mita 2 chembe zimejaa. Cha mita 4, kiasi. Cha mita 6 nahesabu uwanja baada ya uwanja, yaani kila eneo linaloonekana kwa mara moja kwenye darubini, mpaka nifikishe chembe 200, na inachukua nusu saa kwa sababu ni chache mno. Katikati ya kioo hicho kuna donge moja lenye ukubwa wa chembe mamia, limekaa peke yake. Kwa mizani donge hilo na chembe zake zilizotawanyika ni kitu kimoja. Kwa ua lililo pembeni, halipo.

Saa 10:30

Udongo. Hili linanigusa kuliko mengine. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfa, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuipoza. Mizunguko mitano ni kilo 1.25 kwa mti. Ikigeuka yote, kuitengua kunahitaji karibu kilo 3.9 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, au kilo 2.9 za chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji. Tunachanganya udongo sehemu 1 na maji sehemu 2.5, tunakoroga, tunasoma pH (kipimo cha uasidi) chini ya mti na nje ya kivuli chake. Unga mwembamba unaolinda ua vizuri ndio huohuo unaogeuka asidi haraka, kwa hiyo kuongeza gramu kufidia upulizaji mbovu ni kuudhuru mti kwa miguuni.

Saa 11:30 jioni, stoo

Hapa hatufanyi haraka. Vumbi la salfa hewani hulipuka likifikia gramu 35 hivi kwa mita ya ujazo. Stoo ya mita 3 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 inahitaji kilo moja na robo tu iliyotimka, na cheche ndogo kabisa inatosha. Sepetu ni ya mbao. Sakafu inafutwa kwa kitambaa kibichi, haifagiliwi. Mashine haiwekwi petroli ikiwa moto. Magunia yanakaa juu ya chaga, yasizidi manne kwa kimo.

Gunia la 1.39 limeandikwa kwa chaki na kuwekwa kando. Kesho litavunjwa kwa mkono na kupitishwa kwenye chekeche ya milimita 1 kabla ya kuingia tangini.