Nilimtaja Katika Maombi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijalala vizuri. Jumatano ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi, nikamwombea dada mmoja "aliyeanguka." Nilitaja jina lake, nikalitaja na jambo lenyewe. Naye alikuwepo, safu ya tatu. Nilipofumbua macho nilimwona anakunja karatasi ya nyimbo, anaikunja tena na tena, mpaka ikawa ndogo kama kidole gumba. Watu wakaitikia, "Amina."

Tangu siku hiyo Yusufu haniachi. Alijua Mariamu ana mimba isiyo yake, na sheria ilikuwa upande wake. Lakini Mathayo anasema, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha. Haki yenyewe ndiyo iliyomfunga mdomo!

Kumwaibisha mtu hadharani ni adhabu ya zamani. Mwaka 71 KK Warumi waliwasulubisha watumwa walioasi wapatao 6,000 kandokando ya barabara ya Appia, ili kila apitaye aone. Bwana wetu naye alitundikwa hivyo, mbele za watu. Uingereza, hadi mwaka 1837, mtu aliweza kubanwa shingo na mikono kwenye mbao mbele ya umati. Serikali ilimfunga tu. Waliomrushia uchafu ni watu wa kawaida, pengine majirani zake. Hapo ndipo nilipojiona.

Torati iliweka kikomo cha fimbo arobaini, ndugu yako asije "akaonekana kuwa hafai kitu machoni pako." Machoni pako wewe unayetazama! Wapendwa, tuache kuuvika umbea kanzu ya maombi. Bwana alisema, ndugu yako akikosa, ukamwonye "wewe na yeye peke yenu." Umekwenda kwake? Umebisha hodi? Mimi sikwenda. Namba yake ninayo, kwake napajua, nikachagua kipaza sauti. Sisemi uovu ufichwe. Anayeumiza watoto ashtakiwe. Nasema juu ya huyu aliyekuwa anahitaji dada wa kulia naye, akapata umati.

Jana jioni nilikwenda. Hakunikaribisha ndani. Nikamwomba radhi pale mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, uliponitaja walikuwepo watu wote. Mbona radhi unaniomba tukiwa wawili?"

Nilikosa jibu. Nimemwomba ruhusa, amekubali. Jumatano nitasimama palepale, niseme kosa langu, lake nisiliguse.