Siku moja ya tarishi wa shule, Tabora

Vijana wanaoletewa mizigo na bodaboda hadi mlangoni huniuliza zamani barua zilifikaje nyumbani. Tabora ya miaka ya 1980, barua ya mtu wa mtaani iliishia kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe lilikuwa la shule, msikiti, kanisa au ofisi. Mimi nilikuwa tarishi wa shule ya msingi. Jumatatu moja naikumbuka vizuri.

Saa 1 asubuhi nilifagia ofisi, nikachukua ufunguo wa sanduku, nikapanda baiskeli.

Saa 3 nilikuwa posta. Enzi hizo Posta na Simu lilikuwa shirika moja. Walitenganishwa mwaka 1994. Barua za Dar es Salaam zililetwa na treni, na hapa Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Treni ikichelewa, sanduku tupu. Siku hiyo lilijaa, na kulikuwa na kikaratasi cha barua ya rejista, kwa hiyo nikapanga foleni dirishani nikatia sahihi.

Saa 5 nilizipanga mezani kwa mwalimu mkuu. Bahasha zilikuwa na jina, “kupitia Mwalimu Mkuu”, S.L.P. na Tabora, basi. Mtaa haukuandikwa, wala namba ya nyumba. Mchana, mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini, na mtoto wa nyumba ile au ya jirani akaitia barua katikati ya daftari isikunjike. Ingekuwa telegramu isingesubiri mstari, maana ililipiwa kwa neno, na maneno yenyewe mara nyingi yalikuwa “Baba mgonjwa njoo”. Hiyo nilikuwa naipeleka papo hapo.

Saa 9 nilibaki na barua isiyo na mtoto shuleni: Mama Shabani, Isevya. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Akasema Mama Shabani wako wawili. Akaigeuza bahasha, akausoma muhuri uliopigwa juu ya stempu: Mwanza. “Mtoto wa huyu wa hapa yuko Urambo kwenye tumbaku. Hii ni ya mwenzake, kule karibu na kisima.” Hata leo namheshimu mzee yule. Kuwajua watu kwake ilikuwa kazi, na aliifanya kwa uaminifu.

Saa 10 nilibisha hodi. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, ila macho yalishapungua nguvu, akaniomba nimsomee. “Salaam sana mama. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako.” Hapo akaniomba nisimame kidogo, akamwita binti yake naye aje asikie. Nikaanza upya.

Kisha akataka kujibu. Nikaandika alivyonitajia, mvua, mahindi, ndoa ya binti, mpaka saa 12 jioni. Akafungua fundo la kanga akanipa hela ya stempu, na nyuma ya bahasha nikaandika sanduku la shule, maana jibu lingepitia huko huko.